Fundi wa Mawimbi Anajibu: waya umechomekwa, kompyuta inasema redio haijibu

Toleo hili nimeliweka karibu lote kwenye jambo moja maana maswali mliyotuma yanafanana mno. Mtu kanunua redio ya mkononi, kanunua na waya wa kupangia chaneli, kachomeka kwenye kompyuta, halafu kimya. Wengi mnaanza kwa kuilaumu redio. Jamani redio ndiyo ya mwisho kulaumiwa, anzeni upande wa kompyuta mje taratibu mkifuata waya mpaka mwisho wake, na humu nitawaonyesha kwa nini.

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina redio ya Baofeng UV-5R na waya wake wa USB, nimeweka CHIRP, ile programu ya kupangia chaneli, kwenye laptopu ya Windows 11. Nikichomeka waya kompyuta inatoa ule mlio wa kutambua kitu, lakini nikifungua Device Manager (orodha ya vifaa vya kompyuta) nakuta alama ya njano na maandishi "PL2303HXA PHASED OUT SINCE 2012. PLEASE CONTACT YOUR SUPPLIER". Muuzaji nimempigia anasema waya ni mzima na wenzangu wote wanautumia. Draiva nimefuta na kuweka upya mpaka nimechoka. Nimeuziwa feki?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na muuzaji wako usimkasirikie kwanza, inawezekana kabisa anasema kweli na wewe pia unasema kweli.

Iko hivi. Huo waya si waya mtupu kama wa spika. Kompyuta inaongea lugha ya USB, redio yako inaongea lugha ya zamani ya serial, polepole tu, biti 9600 kwa sekunde, kwa hiyo lazima katikati akae mkalimani, na huyo mkalimani ni chipu ndogo iliyofichwa ndani ya kile kichwa cha USB au kwenye kidude cha plastiki kilicho karibu nacho. Chipu hizo ziko za aina nyingi ila utakazokutana nazo sana ni PL2303 ya kampuni ya Prolific ya Taiwan, FT232 ya FTDI ya Uskochi, CH340 ya WCH ya China na CP2102 ya Silicon Labs ya Marekani. Kila moja ina draiva yake, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuongea nayo, huwezi kuweka draiva ya hii kwa ile.

Sasa hii PL2303 toleo la HXA iliigwa sana. Viwanda vingine vikatengeneza kopi zake, zikajaa kwenye nyaya za bei rahisi dunia nzima. Prolific wenyewe wakaacha kuitengeneza, wakatoa draiva mpya ambayo ikikutana na chipu ya zamani au kopi inagoma makusudi na kuandika maneno hayo uliyoyaona. Windows nyingine hazikuandikii maneno hayo, zinakupa alama ya njano na Code 10 tu, lakini ugonjwa ni uleule. Kwa hiyo waya wako umeme unapita, chipu inafanya kazi, ila draiva imekataa kuitumikia. Hao wenzako wanaoutumia bila shida bila shaka wako kwenye draiva ya zamani.

Ndiyo maana kufuta na kuweka upya hakukusaidii, kwa sababu kila ukifuta, ukichomeka tena Windows inakimbilia intaneti inaleta ileile mpya. Cha kufanya ni kurudi kwenye toleo la zamani, lile watu wa redio wamelizoea ni 3.2.0.0. Ulitafute kwenye tovuti ya kuaminika ya watu wa redio za ridhaa (wanaorusha kwa kupenda tu, si kwa biashara), si kwenye zile tovuti za draiva zilizojaa matangazo ambazo ukibonyeza unapakua vitu vingine kabisa. Chomoa waya, endesha kisakinishi, kisha chomeka waya. Alama ya njano itakuwepo bado, usivunjike moyo, hapo ndipo kazi inaanza. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya hicho chenye njano, chagua kusasisha draiva, usikubali itafute yenyewe, mwambie utatafuta mwenyewe kwenye kompyuta, halafu chini kabisa pana chaguo la kuchagua kutoka kwenye orodha ya draiva zilizopo tayari. Utaziona mbili au tatu zenye jina linalofanana ila namba na tarehe tofauti. Chagua ile ya 3.2.0.0, kubali, na ile njano inaondoka hapohapo na pembeni unaandikiwa namba ya poti, mfano COM3 au COM5. Namba hiyo iandike, ndiyo utakayoichagua kwenye CHIRP.

Mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, ukihamisha waya kwenye tundu lingine la USB namba inaweza kubadilika na pengine draiva ikarudi ile mpya, kwa hiyo chagua tundu moja ulizoee. Pili, Windows ikijisasisha inaweza kukurudishia ile draiva mpya bila kukuuliza, ukiona siku moja waya uliokuwa unafanya kazi umegoma, kabla ya chochote angalia namba ya draiva.

Kuhusu kama ni feki: chipu yaweza kuwa kopi, ndiyo, au yaweza kuwa halali ya zamani, kwa macho huwezi kujua. Kinachonikera mimi ni kwamba anayeumia kwenye mambo haya siku zote ni mnunuzi wa mwisho ambaye hata hajui kuna chipu humo ndani. Mwaka 2014 FTDI nao walitoa draiva iliyokwenda mbali zaidi, ikikuta chipu ya kopi inabadilisha namba yake ya utambulisho kuwa sifuri na kompyuta zinaacha kuitambua kabisa, watu wakalalamika sana na ile draiva ikaondolewa. Ukinunua waya mwingine mwulize muuzaji ndani mna chipu gani. Akikwambia CH340 au FTDI halali nunua kwa amani. Akisema hajui, mwombe auchomeke kwenye kompyuta yake uone jina linalotokea.

SWALI: Mimi niko na shida tofauti kidogo. Draiva iko sawa, COM4 naiona bila ile alama ya njano, lakini CHIRP ikianza kusoma inakaa kidogo alafu inaniambia "Radio did not respond". Nimejaribu laptop ya jirani, ni hivyo hivyo tu. Redio yenyewe inashika na kutuma poa. Nifanyeje?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Hii naipenda kwa sababu umeshafanya nusu ya kazi. COM4 ikionekana safi maana yake toka kompyuta mpaka kwenye chipu hakuna tatizo. Lakini sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui: chipu inakula umeme wa USB, haihitaji redio kabisa, kwa hiyo COM4 itaonekana hata kama redio umeiacha nyumbani kwa mjomba. Jaribu, chomoa redio uone, poti itabaki palepale. Kwa hiyo kuona poti hakukwambii lolote kuhusu redio kuunganishwa. Tatizo lako liko kutoka kwenye chipu kuja kwenye redio, na hapo panapoumwa zaidi ni kwenye plagi.

Angalia ile plagi ya ncha mbili vizuri, moja nene ya milimita 3.5 na moja nyembamba ya 2.5, ni mpangilio ule wa redio za kampuni ya Kenwood. Tundu za UV-5R ziko ndani kidogo, chini ya kile kifuniko cha raba pembeni. Plastiki ya plagi za nyaya nyingi ni nene, inagota kwenye ukingo wa kasha la redio kabla ncha hazijafika mwisho. Kwa macho unaona imeingia, ukiangalia kwa pembeni na tochi ya simu utaona mwanya mwembamba kama milimita moja au mbili, na huo mwanya ndio unaokukosesha usingizi. Pia kile kifuniko cha raba chenyewe kinapenda kujikunja na kukaa katikati ya plagi na kasha, kishike kwa kidole ukivute mbali wakati unachomeka.

Namna ya kupima: washa redio kabla ya kuchomeka, bonyeza na ushikilie kile kitufe kidogo cha MONI chini ya PTT (kitufe cha kubonyeza unapoongea) uisikie inavyovuma shhhh, kisha ukiwa bado umeshikilia sukuma plagi ndani. Ikiingia sawasawa spika ya redio mara nyingi inanyamaza kwa sababu ndani ya tundu kuna swichi inayokata spika kitu kikichomekwa. Kama bado inavuma, haijafika. Sukuma kwa nguvu, nguvu kweli, mpaka usikie au uhisi kale ka-klik. Ikigoma kabisa, chukua wembe au kisu kikali upunguze ule ukingo wa plastiki ya plagi kidogo kidogo huku ukijaribu. Kata plagi, usikate redio tafadhali, plagi ni ya kununua tena.

Na uangalie taa. Ukichomeka tu na taa nyekundu ikawaka, redio inarusha, maana kwenye tundu hizohizo kunapita maiki, spika, kitufe cha PTT na data, na plagi iliyoingia nusu inaweza kugusanisha visivyohusika. Chomoa upesi. Kwa sababu hiyo nawashauri wote mkifanya kazi hii antena iwe imefungwa kwenye redio na nguvu iwe ya chini, kurusha bila antena kunaweza kuua ile sehemu ya mwisho ya kurushia.

Plagi ikishakaa, fuata mpangilio huu: zima redio, chomeka, washa, ongeza sauti mpaka mwisho, weka kwenye chaneli isiyo na mtu anayeongea, isiwe inaskani, isiwe ndani ya menyu, ndipo uiambie CHIRP isome. Hiyo ya sauti wengine wanadharau, lakini hata maelekezo ya CHIRP yenyewe kwa UV-5R yanasema inaweza kuhitajika, na kuzungusha kitufe hakukugharimu kitu.

Bado inagoma? Angalia modeli uliyochagua. UV-5R na UV-82 kwenye CHIRP ni vitu viwili, na hizi za siku hizi zenye majina yanayofanana kama UV-5R Mini nazo zina utaratibu wake. Soma jina kwenye kibandiko nyuma ya redio baada ya kutoa betri, usitegemee boksi. Halafu hakikisha CHIRP yenyewe ni ya karibuni, ni ya bure, inapatikana chirpmyradio.com, na wanaitengeneza mara kwa mara kwa ajili ya redio mpya.

Kama ujumbe ungekuwa wa kukataliwa kufungua poti, yaani "Access is denied", hapo ningekwambia kitu kingine kabisa, kwamba kuna programu nyingine imeishikilia hiyo poti, labda ile ya Baofeng wenyewe uliiacha wazi, au Arduino kwa wale wanafunzi wa elektroniki. Funga zote, ikishindikana washa kompyuta upya.

Ukifanya yote haya na bado, azima redio nyingine yenye tundu hizohizo. Zile BF-888S wanazotumia walinzi na watu wa sherehe zinatumia waya huuhuu. Ikisomeka hiyo, waya mzima. Isiposomeka, azima waya. Usiwe na haraka ya kufungua redio yako kwa bisibisi.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi ni mwanafunzi natumia Ubuntu 22.04, waya wangu ni wa CH340. Nikichomeka naiona poti yake, ttyUSB0, kwa muda mfupi sana halafu inapotea. Kwenye mashine ya rafiki yangu mwenye Ubuntu ya zamani zaidi haipotei ila inasema hana ruhusa. Kwa nini Linux inasumbua hivi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba kijana. Linux kwa kweli haisumbui sana kwenye hili, draiva zote za PL2303, CH340 na FTDI zimo tayari ndani yake, huhangaiki na matoleo ya zamani wala nini. Kwa mtu mwenye ule waya wa msomaji wa Morogoro aliyeshindwa kabisa na Windows, kuwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux ni njia nzuri tu ya kujua kama waya ni mzima.

Yako inapotea kwa sababu inajulikana: Ubuntu 22.04 inakuja na huduma inaitwa brltty, ni ya kuendesha vifaa vya maandishi ya nukta nundu kwa ajili ya wasioona, na baadhi ya vifaa hivyo vinatumia chipu hiyohiyo ya CH340 yenye utambulisho 1a86:7523. Kwa hiyo ukichomeka waya wako, brltty inadhani ni kifaa chake inakichukua. Andika dmesg kwenye tamino (dirisha la amri, Terminal) baada ya kuchomeka utaiona inatajwa kwa jina. Kama kwenye kompyuta hiyo hakuna anayetumia kifaa cha nukta nundu, iondoe kwa sudo apt remove brltty, chomoa waya, chomeka tena. Kama ni kompyuta ya maabara ya chuo uliza kwanza, huenda kuna mwenzenu anaitegemea ile huduma kusoma.

Rafiki yako yeye hajaingizwa kwenye kundi la dialout, lile la wanaoruhusiwa kutumia poti. Aandike sudo usermod -aG dialout $USER, kisha atoke kabisa kwenye akaunti na kuingia tena, kufunga tamino peke yake hakutoshi. Na asizoee kuendesha CHIRP kwa sudo, mafaili yake ya redio yataishia kumilikiwa na root, yaani mtumiaji mkuu wa mfumo, na kesho atashindwa kuyafungua.

SWALI: Betri ya redio yangu mpya ina tundu la USB-C. Nimechomeka waya wa simu kutoka kwenye laptop, redio inachaji lakini CHIRP haioni chochote. Tundu limekufa?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Halijakufa, ni la kuchajia tu. Liko kwenye betri, na kati ya betri na redio kuna vile vibati vya umeme peke yake, hakuna njia ya data. Unahitaji ule waya wa ncha mbili unaoingia pembeni.

SWALI: Fundi, waya unafanya kazi vizuri sana, ila nilichukua faili la redio ya rafiki yangu nikaandika kwenye yangu. CHIRP ikasema imemaliza lakini mipangilio mingine haikutumwa kwa sababu firmware (programu za ndani ya redio) hazilingani. Sasa kila kitu kwenye redio bado kinaonyesha namba za masafa, chaneli sioni hata moja. Nimeiharibu?
Msomaji, Arusha

JIBU: Hujaiharibu, tulia. Hapo kuna mambo mawili yamegongana.

La kwanza dogo: bonyeza kile kitufe cha rangi ya chungwa cha VFO/MR. Redio yako iko kwenye hali ya kupiga masafa kwa mkono, chaneli zimo ndani ila huzioni mpaka uhamie kwenye memori. Wengi wanaandika tena na tena wakidhani hazijaingia.

La pili ndilo nataka wasomaji wote walisome. UV-5R zimeanza kuuzwa 2012 na tangu hapo ndani yake pamebadilika mara nyingi, kwa nje zinafanana kama mapacha. Faili la nakala nzima ya redio moja, lile la .img, lina chaneli pamoja na mipangilio ya ndani kabisa ya redio ile. Kulimwaga zima kwenye redio nyingine si vizuri, na umshukuru aliyetengeneza CHIRP kwamba imegundua tofauti ikakuzuilia ile sehemu ya hatari. Njia sahihi ni hii: soma redio yako mwenyewe kwanza. Lihifadhi faili hilo kama lilivyo, lipe jina na tarehe, usiliguse tena maisha yako yote, hilo ndilo la kurudi nalo ukikwama. Kisha fungua faili la rafiki yako kwenye tabo ya pembeni, chagua mistari ya chaneli, kopi, rudi kwenye tabo ya redio yako, bandika, hifadhi kwa jina jipya, andika. Zinaingia chaneli tu, mipangilio ya ndani inabaki ya redio yako.

Na hata betri, kabla ya kuandika iwe imejaa. Ikizima katikati ya kuandika mara nyingi unaandika upya inapona, lakini kwa nini ujipe presha.

Hapohapo kwenye jedwali la CHIRP kuna kitu nakiomba kila mtu akitumie. UV-5R inaweza kurusha kuanzia megahezi 136 mpaka 174, na juu kuanzia 400 mpaka 520. Sisi wa redio za ridhaa huku Afrika, tulio Kanda ya 1 kwenye mgawanyo wa masafa wa kimataifa, sehemu yetu ni 144 mpaka 146, na kule juu 430 mpaka 440. Vinavyobaki ni vya wenyewe, kuna vyombo vya usalama, kuna meli, chaneli 16 ya baharini iko 156.800 pale ambapo mtu anazama anaomba msaada. Faili la rafiki mara nyingi linakuja na masafa ya kila aina. Pitia mstari kwa mstari, na kila usiloruhusiwa kurusha weka "off" kwenye safu ya Duplex, redio itasikiliza tu na PTT haitafanya kitu hata mtoto akiibonyeza. Zaidi ya hapo nenda ukachukue leseni, kwa Tanzania ni TCRA, kwa Kenya ni Communications Authority, upate kolisaini yako, yaani jina lako la hewani, inayoanza na 5H au 5Z uongee kwa uhuru.

SWALI: Assalamu alaykum. Nataka kupokea picha zinazotumwa kutoka kituo cha anga kwa redio. Nimechomeka waya ule wa kupangia chaneli baina ya Baofeng na laptopu, programu ya MMSSTV, ile ya kugeuza sauti kuwa picha, haipokei sauti hata kidogo. Redio naisikia vizuri nikichomoa waya. Nini tatizo?
Msomaji, Maskati

JIBU: Wa alaykum salaam. Kwanza niseme nimefurahi swali limetoka huko, Omani mna jadi kubwa ya mambo haya, marehemu Sultani Qaboos mwenyewe alikuwa mtu wa redio za ridhaa, kolisaini yake A41AA.

Waya huo haubebi sauti. Ni wa data tu, ile chipu ya ndani haijui sauti ni kitu gani, na ukiuchomeka unakata spika ndiyo maana redio inanyamaza. Kwa picha unahitaji waya mwingine kabisa, wa sauti, kutoka kwenye tundu la spika la redio kwenda kwenye tundu la maiki la kompyuta. Na hapo laptopu za siku hizi zina mtego, tundu ni moja la hedifoni na maiki pamoja, ukichomeka jeki ya kawaida ya stirio kompyuta inadhani ni hedifoni na maiki haiioni. Tafuta kigawanyio kinachotoa matundu mawili, au kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu la maiki peke yake, mimi napendelea hiyo ya pili maana hata ikiungua umepoteza kitu kidogo, laptopu iko salama.

Sauti ya redio anza nayo chini kabisa. Tundu la maiki linatarajia sauti ndogo sana, ukilimwagia sauti ya spika mawimbi yanakatika vichwa na picha inatoka na michirizi. Ongeza polepole mpaka kipimo cha programu kikae katikati.

Ndani ya Windows zima kila kinachoitwa uboreshaji wa sauti na kuondoa kelele. Hii inawapata wengi: kompyuta inasikia ule mlio wa picha inadhani ni kelele, inaufuta kwa bidii zote, wewe unasikia mlio spikani lakini programu inapokea ukimya.

Kwenye redio yenyewe: 145.800, FM pana, menyu 0 skwelchi (inayonyamazisha redio mawimbi yakiwa dhaifu) iwe 0 ili isikate katikati, menyu 3 ya kubana betri iwe imezimwa, menyu 7 ya kusikiliza pande mbili imezimwa. Kituo kinapita juu kikikimbia kiasi kwamba masafa yanasogea, ila kwa 145 kunasogea kama kilohezi tatu na nusu tu kila upande, redio hii inavumilia, huna haja ya kuzungusha kitu. Mara nyingi picha zinatumwa kwa mtindo wa PD120, moja inachukua dakika mbili na kidogo, na kituo hakikai juu ya upeo wako zaidi ya dakika kama kumi, kwa hiyo ukipata picha mbili nzima kwenye mpito mmoja umefanya vizuri. Hazitumwi kila siku, wanaoratibu ni ARISS, mpango wa redio za ridhaa kwenye kituo cha anga, na wanatangaza mapema, hakikisha kwanza kuna tukio kabla ya kupanda darini.

Ukishindwa na nyaya zote, weka simu ya Android yenye programu ya Robot36 karibu na spika ya redio, mahali pasipo na upepo wala watu wanaoongea. Picha itakuwa na chengachenga kidogo lakini itatoka, na utajua redio na antena viko sawa, halafu shida ya waya utaifuata kwa nafasi yako.